Kiti cha Pembeni

Mtu mwenye akili zake hakagui gari kuukuu jioni. Jua likishaanza kuzama kutu inajificha, rangi mbovu inapendeza, na muuzaji anapata mwanya wa kusema, "Utaliona vizuri kesho." Fundi wa viti alilijua hilo fika. Lakini mchana kutwa alikuwa akishona viti vya basi, na tangazo lile lilikuwa limemnyima usingizi siku tatu: gari la spoti, la zamani, viti viwili, bei ya kutupwa. Basi akaenda saa kumi na mbili na nusu, tochi mkononi.

Gari la namna hiyo alilitamani tangu ujana. Wakati wa uchumba alimwahidi mkewe kwamba iko siku atamzungusha mjini kwenye gari la wazi, wao wawili tu, upepo ukiwapiga usoni. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita na mke alikuwa hajachoka kumtania.

"Viti viwili!" alicheka asubuhi hiyo mpaka chai ikamwagika. "Na pacha wetu wakifunga shule tutawaweka wapi, kwenye boneti?"

"Hilo ni la mimi na wewe, mama pacha."

"Haya, baba pacha. Kalete mzigo wako."

Lakini fundi alimwona baadaye, mbele ya kioo, akijaribu ile skafu yake ya manjano. Moyo ukamruka. Akaapa kwamba safari hii harudi mikono mitupu.

Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye banda la gari nyuma. Alimfungulia banda, akabaki mlangoni. Hakuingia.

Fundi akaanza kazi. Alipitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye milango kujua wapi ni bati na wapi ni puti ya kuzibia kutu. Alilala chali akamulika chasi. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. Injini iliwaka mara ya pili na kunguruma kwa adabu.

Viti hakuvigusa. Hapo ndipo alipopotea, na kosa lenyewe lingeweza kumpata fundi wa viti peke yake. Mtu mwingine angeketi, angejinyoosha, angesikia kitu. Yeye alivitupia jicho tu. Kesho angevifumua vyote. Nani ahangaike kukagua kitu anachokwenda kukitupa?

"Viti utabadilisha?" mjane akauliza.

"Kesho asubuhi, mama. Ndiyo kazi yangu."

Mjane akakitazama kiti cha pembeni.

"Cha dereva badilisha," akanong'ona. "Cha pembeni... kiache."

"Kina nini?"

"Kiache tu, mwanangu. Usikifumue."

Sebuleni, walipoandikiana karatasi, fundi aliona picha ya marehemu mume wake ukutani, amevaa koti la kahawia lenye mirabaraba. Akajisemea, ni majonzi haya, mzee alikuwa akikaa pale. Akamwitikia kwa mdomo tu.

Njiani alisikia harufu. Mafuta ya nywele... na udongo mbichi. Kwenye kona ya kwanza springi za kiti cha pembeni zikalia, kwiii, kama zinavyolia mtu anapojiweka sawa. Fundi akacheka peke yake. Springi kuukuu hizi. Kesho nitazinyoosha.

Asubuhi akalisukuma gari mpaka karakana yake, uani kwake, chini ya paa la bati. Akaanza na kiti cha pembeni. Alikuwa mbishi, na ukimwambia usiguse umemwambia gusa.

Kiti hakimfichi kitu fundi anayekijua. Bonde lake litakwambia kama aliyekaa ni mzito, kama ana mguu mbovu, kama anapenda kuegemea mlango. Kiti hiki bonde lake lilikuwa dogo na la kina, katikati. Fundi akalibonyeza kwa kiganja. Lilikuwa na joto, na gari lilikuwa kivulini tangu alfajiri.

Akakata uzi. Akaifunua ngozi.

Ndani yake vilikuwa vimeshonwa vipande vya nguo, kimoja pembeni mwa kingine, vya mraba, vyote sawasawa. Kimoja cheupe, kama cha sare ya muuguzi. Kimoja cha tai. Kingine cha gauni la maua madogo. Na cha mwisho, cha kahawia chenye mirabaraba.

Akainama kuuangalia mshono.

Kiti hufungwa kwa nje. Lazima. Fundi huvuta uzi kuelekea kwake, na fundo la mwisho hubaki upande alipo yeye. Mafundo ya vipande hivi hayakuwa upande wa nje. Yalikuwa chini, yamegandamizwa kwenye sponji.

Aliyeshona alikuwa ndani.

Pembeni mwa kipande cha kahawia palikuwa na nafasi tupu ya mraba. Matundu ya sindano yalikuwa yameshatobolewa, pande zote nne.

Fundi akakishona kiti ovyo ovyo, akakifunga boliti zake, akatoka karibu anakimbia. Mjane alimfungulia mlango kiasi cha uso tu.

"Umekifumua," akasema. Hakuwa anauliza.

"Mama, chukua gari lako. Pesa sitaki."

"Halirudi, mwanangu. Mimi nami nilijaribu kumrudishia aliyetuuzia." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mimi ndiye niliyekifumua. Pete yangu ilidondokea humo. Jioni yake mume wangu akakaa... Hakuumwa. Alipungua tu, siku hadi siku, mpaka akaisha. Baada yake kikatulia."

"Nani anashona mle?"

"Sijui. Ninachojua, kikifumuliwa kinamtaka wa kwanza kukikalia."

"Basi hakuna atakayekikalia! Nakwenda kukichoma."

Mjane akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko maneno yake yote.

"Nyumbani umemwacha nani?"

Fundi hakumbuki alivyofika. Anakumbuka lango la uani, kuku wakitawanyika, na rangi ya manjano garini.

Mkewe alikuwa ameketi kiti cha pembeni, skafu kichwani, amefumba macho nusu. Alikuwa anatabasamu.

"Nimekungoja mpaka nikasinzia," akasema kivivu. "Kiti kitamu hiki, baba pacha. Kinakukumbatia."

Fundi alimvuta nje kwa mikono miwili. Mke akapiga kelele, una nini wewe, utaniumiza! Kisha akaishika skafu, akaigeuza.

"He! Nani kaikata?"

Kipande kimoja kilikuwa hakipo. Cha mraba. Kimekatwa vizuri, kwa mkasi mkali.

Mke alipoingia jikoni, fundi akakifumua kiti tena. Kipande cha manjano kilikuwa mahali pake, kimeshonwa, mafundo chini. Akachukua wembe. Akakata uzi mmoja, mmoja tu.

Jikoni, mkewe akalia.

Alimkuta amejikunja sakafuni, ameshika ubavu, sufuria imepinduka. "Kitu kimenichoma," alisema akihema. Fundi akarudi karakana, akatunga uzi, akakirudisha kile kipande alivyokikuta. Mshono ulipokamilika, mke akaacha kulia. Wazo la kukichoma kiti halikumrudia tena kichwani.

Hii ni wiki ya tatu sasa. Mke mzima, anapika, anacheka, anamtania. Kila jioni anamwomba wakazunguke kidogo, na kila jioni fundi anamdanganya kwamba klachi imekufa. Yeye huketi mlangoni akilitazama gari, mikono mapajani, fundi asiye na cha kufanya. Uani springi zinalia. Kwiii...

Leo asubuhi aliamka kabla ya mkewe. Godoro lao alilitengeneza mwenyewe walipooana, na upande wa mke siku zote ulikuwa na bonde lake, zuri, limeinamia kushoto kidogo. Mke alikuwa amelala upande wake, anapumua taratibu.

Godoro chini yake lilikuwa tambarare. Halikubonyea hata kidogo.

Akatoka uani bila viatu. Akafungua mlango wa pembeni, akaweka kiganja kwenye kiti. Bonde lilikuwa limepanuka. Liliinamia kushoto. Lilikuwa la moto.

Aliporudi ndani mke alikuwa ameshaamka, anajinyoosha.

"Nimeota tunatembea na gari," akasema.

"Mimi na wewe?"

Mke akafikiri, akakunja uso kama mtu anayetafuta jina.

"Hapana," akasema polepole. "Wewe hukuwepo."