Figili za Bibi Lanying

Kila asubuhi Haobin aliwasha jiko la makaa ya mawe uani, akaweka bamba la chuma juu yake. Juu ya bamba alilaza bodi ya kijani iliyotolewa ndani ya kompyuta mbovu. Lehemu iliyogandisha vipande kwenye bodi ilipoyeyuka, alichomoa vipande vyeusi kwa koleo na kuvitupa ndooni. Feni iliusukuma moshi nje ya ukuta. Upepo ukigeuka, moshi ulirudi.

Nyumba nyingi za kijiji kile cha Guangdong zilifanya kazi hiyo, na wote walijua ina sumu. Mfereji ulikuwa mweusi. Hakuna aliyekunywa maji ya kisima. Maji ya chai na ya uji yalinunuliwa kutoka kijiji cha juu. Suqin, mke wa Haobin, hakumruhusu binti yao Rui asogelee jiko. Kwa hiyo walijiona waangalifu.

Rui alikuwa na miaka minne. Majira ya kuchipua yalipofika, alianza kushika tumbo na kukataa chakula. Alilia kwa jambo dogo. Kitu kimoja kilimtisha Suqin zaidi. Mwaka uliotangulia Rui aliweza kuwataja wajomba zake wote kwa majina. Sasa alianza vizuri, akafika katikati, akanyamaza.

"Mtoto ana gesi tumboni," alisema Bibi Lanying, mama yake Haobin. "Nitampa figili."

Kwa watu wa pwani ile, figili ni chakula na dawa. Majira ya baridi huitia chumvi, huianika juani siku nyingi, kisha huikandamiza ndani ya mtungi na kuuziba. Kila familia huila na uji wa mchele asubuhi. Ikikaa miaka mingi huwa nyeusi na laini, na hapo ndipo hupewa mgonjwa wa tumbo. Bibi Lanying alianika zake uani, kwenye mikeka, kandokando ya ukuta. Majirani walizisifu.

Chini ya kitanda chake alikuwa na mitungi kadhaa. Mmoja ulikuwa wa zamani sana, alioujaza kabla kijiji hakijaanza kazi ya bodi. Huo hakuufungua. "Ule ni wa ugonjwa mkubwa," alisema. Alichota kutoka mtungi mwingine, akachemsha kipande katika maji safi, akamnywesha Rui mchuzi wake. Alifanya hivyo kila jioni. Tumbo halikupoa.

"Mama, nampeleka zahanati," Suqin alisema.

"Mpeleke. Wewe mtoto akipiga chafya unataka daktari wa mkoa."

Akun, jirani yao, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi. "Shemeji, hao ni minyoo tu," alisema. "Mwanangu alikuwa hivyohivyo."

"Na sasa anaendeleaje shuleni?"

Akun aliangalia kikombe. "Anakaa nyuma. Mwalimu hamsumbui."

Suqin alimbeba Rui siku hiyohiyo.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Xu Peizhen. Alimtoa Rui damu. Majibu yalipofika, alikuja nyumbani mwenyewe, akasimama uani na kuangalia kila kitu kabla ya kusema.

"Damu ya mtoto ina madini ya risasi," alisema. "Ni nyingi, mara kadhaa ya kiwango ambacho sisi huanza kuingilia kati. Risasi imo ndani ya lehemu mnayoyeyusha."

"Lakini hasogelei jiko," Haobin alisema. "Na maji tunanunua."

"Moshi ukipoa unakuwa vumbi, nalo linatua. Umelibeba kwenye shati, umekaa nalo mezani. Mama Rui akifagia uwanja mkavu, analirusha tena. Mtoto anashika sakafu, anaweka vidole mdomoni. Mwili wake unaipokea risasi kana kwamba ni madini ya kujenga mifupa, na hufyonza sehemu kubwa kuliko mtu mzima. Inaingia kwenye mifupa na kwenye ubongo." Akaelekeza mkono ukutani. "Ile mikeka ni ya nini?"

"Ya figili," Bibi Lanying alijibu. "Na usiniambie habari za figili. Nimelea watoto watano kwa figili hizi."

"Uliwalea kabla ya bodi, Bibi. Siilaumu figili, naulizia uwanja. Nipe kipande cha mtungi wa zamani na kipande cha mtungi anaokula mtoto. Vikapimwe vyote."

Bibi Lanying alisita. Kisha akaleta mtungi asioufungua, akaupasua muhuri mbele yao.

Majibu ya maabara yalikuwa wazi. Figili ya zamani haikuwa na tatizo. Ile mpya ilikuwa imejaa risasi. Chumvi ilikuwa ileile na mikono ileile. Kilichobadilika ni kile kilichotua juu yake ikianikwa.

"Basi nilimnyima nzuri," Bibi Lanying alisema polepole, "nikampa hii. Kila jioni."

Suqin aliinuka akaenda kumlaza mtoto.

Baadaye Haobin alibeba mitungi yenye sumu kuelekea mfereji. Peizhen alimzuia langoni.

"Risasi haiozi, kaka. Ukiimwaga hapo, itafika kwenye mashamba ya watu wa vijiji vya chini, na mboga zao utazinunua sokoni wewe mwenyewe. Funga mitungi na majivu ya jiko kwenye magunia mazito. Gari la taka za sumu litavichukua."

"Na bodi nazo nizitupe? Tutakula nini?"

"Bodi si takataka. Zina shaba na dhahabu. Lakini uani hufunguliwa kwa bisibisi tu, hazichomwi. Kuyeyusha ni kazi ya tanuru lililofungwa, lenye vichujio. Lipo pale kwenye eneo la viwanda."

"Huko watu wanapigiwa kengele kama wanafunzi."

"Wanapigiwa kengele ya kuoga pia, kabla ya kurudi kwa watoto wao."

Haobin alienda. Kipato kilipungua. Alivua nguo za kazi hukohuko na kurudi na nguo safi. Udongo wa juu uani ulichotwa ukapelekwa, na mahali pake pakamwagwa saruji. Suqin aliacha kufagia sakafu kavu. Aliifuta kwa kitambaa chenye maji. Rui alinawa mikono kabla ya kila mlo, akapewa maziwa, mayai na mboga zilizotoka mbali. Akun alimpeleka mwanawe kupimwa. Hakuwaambia watu majibu, lakini jiko lake alilizima.

Kila alipopimwa, risasi katika damu ya Rui ilikuwa imepungua. Tumbo likapoa. Akaanza kuomba chakula.

"Atakuwa kama zamani?" Suqin aliuliza.

"Damu inasafishika," Peizhen alisema. "Kilichokwisha kuharibika kichwani, siwezi kukuahidi. Msomesheni mapema na msichoke. Risasi mpya isiingie; hilo mnaliweza."

Majira ya baridi Bibi Lanying alipeleka figili zake kwa dada yake milimani, akazianika huko ambako hakuna anayechoma bodi. Alirudi na mtungi mmoja, akauweka chini ya kitanda.

"Nitaila lini?" Rui aliuliza.

"Ikiwa nyeusi. Wakati huo utakuwa umenizidi urefu." Akampakata. "Haya, nitajie wajomba."

"Mjomba Zhiyuan. Mjomba Wenkai." Rui alinyamaza. Midomo yake ilitafuta. Jina la tatu halikuja.

"Mjomba Songlin," Bibi alisema.

"Mjomba Songlin."

"Sasa tena, tangu mwanzo."