Sanduku la Bi Mwanakuu

Jua lilikuwa linazama Ubaid alipogundua kwamba karatasi ya sanduku haipo.

Karatasi za mchele anazo. Za sabuni anazo. Lakini lile sanduku jeusi la mbao, lililopakiwa mwisho kabisa nyuma ya lori, halikuwa na hata kipande. Alipekua chini ya kiti, akapekua juu ya dashibodi, akapekua mifuko ya suruali. Wapi! Na ndiyo siku yake ya kwanza kushika usukani wa lori la kampuni. Maskini, miaka yote ile ya kubeba magunia hapa Shimanzi, leseni ya pesa za kuungaunga, mke mjamzito kule Majengo anayemwombea dua kila sala, halafu mambo yaharibike getini?

"Lori halitoki bila karatasi," alisema Bwana Abdulghafur, msimamizi wa godauni, bila kuinua kichwa. "Mwenye sanduku ni Bi Mwanakuu, yuko Kibokoni. Kasahau kutupa karatasi yake. Nenda kaichukue. Ukishindwa niambie mapema, nimpe lori mwengine."

Ndivyo alivyo Abdulghafur. Maneno ya upole kwake ni kama dawa chungu.

Morris, dereva mkongwe, alikuwa bombani akiosha miguu. Aliposikia jina lile akafunga maji.

"Ubaid," alinong'ona, "dereva ni mchukuzi tu. Tia sahihi pa mchukuzi. Pengine popote usitie. Umenisikia?"

"Kwani kuna nini?"

"Fanya hivyo tu, ndugu yangu."

Ubaid akapanda tuktuk mpaka Mji wa Kale. Adhana ya Magharibi ilikuwa imekwisha, watu wako misikitini, na vichochoro vya Kibokoni vimebaki na paka tu. Aliulizia, akaonyeshwa mlango wa nakshi usio na taa.

"Hodi!"

Akagonga tena.

"Hodi hapa!"

Mlango ukafunguka kidogo. Harufu ikatoka kwanza. Udi... udi mwingi sana... na chini ya ule udi, harufu mbichi, kama ya bucha asubuhi.

Pale kizingitini palikuwa na viatu vya watoto. Ndara, makubadhi madogo, viatu vya shule. Vimepangwa vizuri, na vyote vimejaa vumbi. Ubaid akajiambia ni vya wajukuu, labda wamelala. Lakini ni nani huyo anayelaza watoto saa za Magharibi?

"Karibu, baba. Ingia," ilisema sauti ya bibi mmoja mdogo wa umbo, amejitanda kanga, mshumaa mkononi.

"Salaam alaikum, Bi. Mimi ni dereva, nimefuata karatasi ya sanduku."

"Waalaikumu salaam. Nilikuwa nakungoja."

Ubaid akaingia. Juu darini kitu kilikuwa kikiburuzwa.

Kraa... kraa... kraa...

"Kuna mtu juu, Bi?"

"Mtu?" Alitazama dari. "La. Hakuna mtu."

Akaiweka karatasi juu ya meza, akaweka kidole. "Tia sahihi hapa."

Ubaid aliona. Tusije tukasema hakuona! Kidole kilikuwa pa mpokeaji. Pa mchukuzi palikuwa chini yake. Na maneno ya Morris aliyakumbuka barabara. Lakini mtoto aliyelelewa Majengo akalelewa vizuri, atamwambiaje bibi wa umri wa nyanyake kwamba amekosea, tena ndani ya nyumba yake?

"Bi, nadhani mimi ni wa hapa chini..."

"Hapa, baba. Macho yangu mabovu, lakini hapa napajua."

Haya ikamshika. Akatia sahihi.

Bi Mwanakuu akamnyooshea karatasi. Ubaid akaipokea kwa mikono miwili, kama mamake alivyomfunza.

"Umepokea?"

"Nimepokea, Bi."

"Kwa ridhaa yako?"

"Kwa ridhaa yangu. Ahsante."

Kule juu, mburuzo ukakoma.

Bibi akaangua kilio. Si kilio cha msiba. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Nisamehe, mwanangu. Alichukua watoto wangu wote. Kisha wajukuu. Sikubakiwa na wa kumpa tena."

Kabla Ubaid hajauliza lolote alikuwa ameshasukumwa nje, na komeo limeanguka.

Alirudi Shimanzi akijiambia wazee huchanganyikiwa, ndivyo walivyo. Getini, askari aitwaye Maxwell akaimulika karatasi kwa tochi.

"Kumbe mzigo ni wako mwenyewe? Mpokeaji, Ubaid. Majengo, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani."

"Sikuandika hivyo."

"Imeandikwa. Tazama."

Alitazama. Hakuwa amemwambia Bi Mwanakuu anakokaa.

Akakimbilia lori. Kamba za turubai zilikuwa na mafundo yake yaleyale. Akayafungua. Mchele upo. Sabuni ipo. Pale pa sanduku palikuwa patupu, na pananuka udi.

Simu ikalia. Yumna.

"Ubaid," mkewe alinong'ona, "huyu mgeni uliyemtuma na sanduku..."

"Mgeni gani?"

"Kabisha hodi, kasema ni mzigo wako. Nikamkaribisha. Kakaa juu ya sanduku lake. Hataki maji, hataki chai."

"Toka nje, Yumna! Toka sasa hivi!"

"Ananiuliza mtoto atazaliwa lini."

Simu ikakatika.

Hakumbuki alifikaje Majengo. Anakumbuka mlango wa kijani ukiwa wazi. Yumna ameketi kitandani, mkono juu ya tumbo, mzima, hana hata jasho. Sanduku liko pembeni, kimya.

"Yuko wapi?" Ubaid alihema.

"Nani?"

"Mgeni!"

"Hapakuja mgeni," alisema Yumna, akatabasamu kwa uchovu. "Sanduku si umelileta wewe?"

Ubaid alitaka kulibeba alirudishe Kibokoni usiku uleule. Alirudishe kwa nani? Alikwisha kupokea. Kwa mikono miwili, kwa ridhaa yake, na ahsante juu.

Akageuka kuufunga mlango. Ndipo alipoviona pale kizingitini.

Vile viatu vidogo vya kufuma vya mtoto, alivyonunua Yumna kule sokoni Mwembe Tayari juzi tu, ambavyo asubuhi vilikuwa bado ndani ya mfuko wake chini ya kitanda. Vilikuwa vimepangwa vizuri, kimoja kando ya kingine.

Vimejaa vumbi.