Jiwe Safi Kuliko Lake

"Mbona unalitazama kama umeona jini?"

Mama Lenzi, mkuu wa chumba cha upimaji, alikuwa amesimama nyuma ya mpimaji wa almasi, mikono kiunoni.

Mpimaji alikuwa ameinamia hadubini, kibano mkononi, almasi kwenye ncha ya kibano. Kazi yake ndiyo hiyo: jiwe linakuzwa mara kumi, anakagua madoa yake, ni mangapi, makubwa kiasi gani, yamekaa wapi, kisha analipatia daraja la usafi. Mawe huja kwenye bahasha zenye namba tu, bila jina la mwenyewe, ili mtu asipendelee. Lakini hili alilijua! Vidoti vitatu karibu na katikati, na kijiufa pembeni chembamba kama unywele. Alilitazama mwenyewe siku mchumba wake alipolinunua, akampa jibu kwa furaha: daraja la VS, madoa yake madogo mno, jicho tupu haliyaoni.

"Mama, hili sipimi. Mpe mwingine."

"Kisa?"

"Ni langu."

"Lako si hilo hapo kidoleni?"

"Hapo ndipo nilipochanganyikiwa."

Alivua pete yake ya uchumba, akaisogeza chini ya lenzi. Kati ya kucha nne za dhahabu zilizolishika jiwe, moja ilikuwa nene kuliko wenzake, na chini yake kulikuwa na ufa mpana asioujua, unachungulia.

"Weee!" Mama Lenzi alishika mdomo. "Hapo kuna mwanamke. Mwanamume hachukui jiwe la mchumba wake akampa mjomba!"

Mpimaji alichukua simu, akamwandikia mchumba wake.

"Uko wapi?"

"Karakana mpenzi. Vipi?"

"Jiwe langu liko wapi?"

"Kidoleni kwako jamani 😂"

"La kidoleni silijui."

Ujumbe ukasomwa. Mchumba akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Mpimaji hakusubiri amalize, alibeba mkoba akatoka mbio.

Alimkuta mchumba wake, fundi wa pete, amekaa mezani kwake na aproni ya ngozi, uso umempauka.

"Nani huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani tena?"

"Uliyempa jiwe langu!"

"Ni bibi wa miaka sabini na kitu!"

"Ala! Kumbe hata vikongwe huwaachi?"

"Nisikilize basi! Alileta pete yake, kucha zimelika. Jiwe lake lilikuwa na doa jeusi pembeni, hata bila lenzi unaliona. Nikamtengenezea kucha mpya. Kuibana tu, nikasikia tak. Jiwe limepasuka kutoka ukingoni mpaka kwenye doa."

"Ukafanya nini?"

"Nikaogopa. Nikampa lako. La kwake nikaliweka kwenye pete yako, ile uliyoniachia niisafishe, doa na ufa nikavificha chini ya kucha. Nikasema, nani atalalamika akipewa jiwe safi kuliko lake?"

"Na mimi je?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Wewe unanipenda. Nilijua hutapima."

Maneno yale yalimchoma kuliko kofi.

"Pete ile bibi alipewa na nani?"

"Na mumewe. Marehemu."

"Mungu wangu! Yaani nimevaa jiwe la marehemu wa watu, tena nafulia nalo nguo! Vua hiyo aproni. Twende."

"Wapi?"

"Kwa bibi. Utasema wewe, kwa mdomo wako. Ukizungusha hata neno moja, harusi hakuna."

Bibi aliwakaribisha kwenye sebule ndogo, akawapa maji. Hakuna aliyekunywa. Fundi alikohoa.

"Bibi, kulitokea kahitilafu kadogo..."

Mpimaji akasimama, mkoba begani. Fundi akamtazama, akameza mate.

"Hapana. Bibi, nililipasua jiwe lako. Nikakubadilishia, nikakudanganya."

Bibi akapiga makofi, machozi yakimtoka.

"Kumbe sijawa mwendawazimu! Wanangu waliniambia macho yamezeeka. Nikawaambia jiwe langu lina doa! Siku ananivisha, mume wangu alisema, 'Mke wangu, lina doa, nimeshindwa kupata lingine.' Miaka yote nalitazama doa lile nacheka. Ghafla halipo! Nikampelekea sonara mwingine alitoe likapimwe, nijue kama ni akili yangu au nimeibiwa."

Mpimaji alivua pete, akamwekea kiganjani. Bibi akaielekeza dirishani.

"Mbona doa silioni?"

Fundi alitoa koleo ndogo mfukoni, akaiinua ile kucha nene polepole. Doa likatokea, na ufa ubavuni mwake.

"Ndilo hili," bibi alisema, akalibusu. "Na sasa lina ufa juu yake. Haya, tumezeeka wote. Jiwe lako nitakurudishia, mjukuu wangu. Linang'aa mno, lilikuwa linanikosesha usingizi."

Nje, fundi alimfuata mpimaji hatua mbili nyuma.

"Bado nina mchumba?"

Aligeuka. Hasira ilikuwa haijaisha, na mapenzi nayo, maskini, yalikuwa hayajaisha.

"Kuanzia leo napima. Kila kitu. Hata ile 'niko njiani' yako ukiwa bado kitandani."

"Pima."

"Na nikikuta doa?"

"Utakuwa umeshasikia kutoka kwangu."

Hakutaka kutabasamu. Akatabasamu, akampa mkono.

Ndoa ilifungwa. Bibi alikaa safu ya mbele, kidole juu, akimwonyesha kila aliyekaa karibu naye lile doa lake jeusi.