Mwendo Uliopotea Mbuchi

Shemeji yangu Nassibu alinielekezea motaboti huku akinitazama usoni.

Mimi niko mtumbwini, katikati ya mlango wa mto, kijijini kwetu Mbuchi. Mchana kweupe. Watu wamejaa ukingoni, hakuna anayecheka...

Tulieni niwaeleze. Mzee mimi sasa, lakini ya enzi za Mwingereza sijasahau hata moja.

Siku chache kabla, motaboti ya kampuni ya boriti ilimgonga kaka yangu Abdala. Akafa. Aliyeshika sukani ni huyohuyo Nassibu, mume wa dada yangu.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akaja kusikiliza. Nassibu akala kiapo.

"Nilikwenda polepole. Mtumbwi wake ndio mbovu."

Mashahidi wakaulizwa. Kweli, baada ya kugonga, motaboti ilikuwa inajikokota tu.

"Basi ilikuja polepole," akasema Bwana Shauri.

Nikasimama. Nikaweka komwe mbili za bao chini.

"Tazama, Bwana. Komwe ikigonga komwe, hii inasimama, ile inakimbia. Mwendo umehama tu."

Nikafinyanga madonge mawili ya tope.

"Haya yakigongana yanagandana, yanajikokota. Mwendo umeliwa na kule kubonyea. Wa siku ile uliliwa na mbao, na mbavu za kaka yangu."

"Wewe umesoma wapi?"

"Kwenye tope hilihili."

"Unasema sana. Tutarudia mgongano huo, Nassibu akishika sukani. Wewe utakaa mtumbwini."

Ningekataa, motaboti ingeendelea kukimbia palepale wanapovuka wake zetu kwenda mashamba ya mpunga. Nikakubali.

Tena nikadai mtumbwi ujazwe boriti mbichi, kama ule wa marehemu. Sisi wa delta tunajua: mtumbwi mtupu ukigongwa unarushwa kando. Wenye boriti mbichi hausogei, unakula kishindo chote.

Mwanamina, mjane wa kaka, akanishika mkono.

"Shemeji, Nassibu akija polepole utaonekana mwongo. Akija mbio utakufa."

"Hathubutu kuja mbio mbele ya Mzungu. Na akija polepole, mtumbwi hautapasuka, uongo wake utaonekana."

Akaja mbio...

Nikakita pondo la kusukumia kwenye tope, mtumbwi usichukuliwe na maji.

"Nassibu, una nini wewe?"

Machozi yanamtoka.

Kishindo!

Mtumbwi ukapasuka. Boriti zikanibana paja, mfupa ukakatika kama muhogo mkavu. Nassibu akajitosa, akanivuta juu.

"Hivi ndivyo nilivyomgonga Abdala," akasema, ukingo mzima ukisikia. "Mwendo huuhuu. Kampuni walinitisha niseme uongo."

Nilicheka, jamani. Mguu unaning'inia, nacheka. Tumeshinda!

Kumbe Bwana Shauri hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anaitazama motaboti. Injini imezimika, imenasa kwenye mabaki ya mtumbwi, inajikokota...

"Mmeona wenyewe," akasema. "Polepole."

Ule uzito nilioudai mimi ndio uliomaliza mwendo, na yeye akaushika huo uliobaki kuwa ushahidi.

Kampuni ikaachwa; Nassibu, kwa kuwa amekiri mwenyewe kuapa uongo, akachukuliwa na askari. Dada yangu aliingia kaburini akingali anamngoja. Motaboti ikapata mshika sukani mwingine, na kesho yake ikapita mlangoni mbio, wanawake wakiwa majini.

Nyie mnaosoma shuleni, shikeni hili. Mwenye nguvu hupima mwendo uliobaki. Wewe uliza uliopotea umeingia kwenye mifupa ya nani.