Nyuzi Mashavuni mwa Nadège

Asubuhi Nadège alipokuwa akifagia sebule, alisikia harufu ya mafuta ya cherehani. Lakini cherehani ya nyumba ile iliuzwa miaka miwili iliyopita, baada ya kifo cha Charlotte, fundi wa nguo hapa Bunia na mke wa kwanza wa Evariste, mume wa Nadège. Kisha akasikia uzi ukipita kwenye kitambaa, taratibu, krrr, na shavu lake la kushoto likapanda lenyewe.

Mashavu hayo aliyavutisha saluni kwa nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi ili kuukaza uso, juma lile la harusi yake, kwa sababu watu hawakuchoka kusifu uso wa Charlotte.

"Madame, nyuzi zilipashwa kuyeyuka zamani," daktari alimwambia alipokwenda kumwonyesha. "Zimeacha makovu na uvimbe. Hii ncha inayotokeza ngozini, usiivute."

Aliivuta. Alisimama uani saa sita ya mchana, jua likiwaka na watu wakipita barabarani, akashika ncha ile kwa kucha, na uzi ukaja kidogo, ukasimama, halafu huko ndani mkono wa mtu ukauvuta kuurudisha, kwa subira, kama fundi anayekaza mshono, mpaka mdomo wake ukapinda na jicho likakataa kufumbika.

Evariste akamwita Mama Pétronille, mama wa marehemu.

"Uliingia mu nyumba ya mutoto wangu mbele ya kumaliza kilio," yule mama alinong'ona. "Hata chozi moja haukumutolea. Umuombe ruhusa."

"Mama, mutu amekufa, bado iko na wivu?" Nadège akauliza.

"Na weye je?"

Jumamosi jamaa walikusanyika, wakasali rozari. Nadège, kitambaa cheusi kichwani, alipiga magoti mbele ya picha ya Charlotte.

"Yaya, mukubwa wangu, nyumba ni yako. Unikaribishe."

Nyuzi zikateleza nje, moja moja, zikaanguka katika beseni. Uso ukalegea, ukawa wake. Watu wakasema amina.

Ndipo Evariste, ambaye hakuwa amelia tangu maziko, akaangua kilio. "Charlotte! Charlotte wangu!"

Nadège alimtazama. Alijua kwamba wafu wana haki ya machozi yao. Alijua, Mungu amhurumie.

"Unyamaze," akamwambia kwa sauti ya chini. "Miye ndio bibi yako."

Mama Pétronille akaacha kusali. Shavu la kuume la Nadège, lisilo na uzi tena, lilikuwa likipanda.