Anayeitikia "Niweke"

"Huyu mwanamke anayeitikia ni nani?"

Binti aliuliza siku mchumba wa dada yake alipokuja nyumbani kujitambulisha, wimbo wake ukipigwa redioni. Watu walicheka, wakaendelea kutafuna. Swali likabaki mezani pamoja na mifupa.

Shemeji huyo alikuwa mwimbaji. Hakuna harusi iliyopita bila wimbo wake. "Nimekuweka ndani, jua lisikuone. Nimekuziba nyufa, upepo usikuguse." Hapo sauti nyembamba ya kike hujibu: "Niweke." Na maharusi hulia kwa raha. Kuwekwa ndani si ndiyo kuolewa?

"Nyufa huzibwa ukutani, dada," Binti alimwambia. "Wewe una nyufa wapi?"

"Haya, wakili wa bure! Midahalo yako iache hukohuko chuoni."

Jioni moja, giza likianza kuingia, mama alimtuma Binti ampelekee dada yake chupa ya chai studio. Dada alikuwa anarekodi wimbo uleule upya, safari hii aitikie yeye. Yule wa zamani, alisema shemeji, sauti imekwisha.

Imekwisha... vipi?

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya asumini ilimlaki, na chini ya asumini kitu kingine, kama tambara la jikoni lililosahauliwa majini wiki nzima. Binti akaziba pua. Nyuma ya kioo dada alisimama mbele ya maiki, macho kayafumba. Shemeji alikuwa kwenye mitambo, kampa Binti kisogo.

Binti akaegemea ukuta.

Ulikuwa na joto. Joto la kwapa.

Akauondoa mkono upesi. Kiganja kiliteleza kwa mafuta, na katikati ya vidole ulinasa unywele mrefu, mzizi wake ndani ya plasta. Akauvuta autupe.

Ukuta ukaguna.

Kando ya swichi palikuwa na ufa mwembamba, umelowa. Ulifunguka. Ukafumba. Ute ukachuruzika.

"A... si... itikie..."

Sauti ile aliijua. Alikuwa ameicheza, akaishangilia, akaiweka hata kwenye simu yake. Akatazama chini: ndoo ya plasta mbichi, na mwiko. Juu ya ndoo, sehemu ya ukuta iliyoachwa wazi.

Kimo cha dada yake.

"Nimekuziba nyufa..." spika ziliimba. Dada akafungua mdomo.

Binti akamimina chai yote kwenye mitambo. Cheche. Moshi. Kimya.

"Una wazimu wewe?" dada alifoka.

Shemeji hakukasirika. Alijifuta chai kwenye shavu, taratibu, akatabasamu. "Mwache mdogo wetu. Ana wivu."

Uchumba ulivunjika, na kwa miezi mingi dada hakusema naye. Shemeji alihama. Mafundi waliobomoa ukuta ule walisema wamekuta matofali makavu tu. Lakini mmoja wao alitoka mbio akatapike, na mpaka leo hasemi kwa nini.

Wimbo mpya umetoka. Hauna mwanamke. Mahali pake pameachwa kimya kifupi, ukumbi mzima upajaze.

Dada huuimba akiosha vyombo, bila kujijua. Akikaribia pale, Binti humziba mdomo kwa kiganja chenye povu.

Wewe huna mtu wa kukuziba. Ukifika kimya kile, tafadhali, usiitikie.