Zakiya Ataka Mfumo wa Kumpita Wifi Yake

Zakiya na mumewe Hussni walikuwa na duka la dawa mjini Kismayo, si mbali na bandari. Kila asubuhi Zakiya alifungua mlango, akafagia, kisha akafungua daftari kubwa. Humo aliandika kila dawa iliyoingia na kila dawa iliyotoka. Msaidizi wake, Iman, alipanga maboksi kwenye rafu. Wateja wao walikuwa watu wa mjini na watu wa visiwani. Boti zikifika kutoka Chovai, Ngumi na Kudha, abiria walishuka na karatasi za daktari mkononi, wakaja moja kwa moja kwa Zakiya.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jingine la dawa. Mwenyewe alikuwa Mishi, dadake Hussni. Mawifi hawa walisalimiana kila siku. Mmoja akipika kitu kizuri, mwenzake alipelekewa sahani.

Kisha Mishi akaweka mfumo wa kompyuta.

Sasa mteja akinunua dawa kwa Mishi, kijimashine kiliangaza boksi, bei ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, na risiti ikatoka. Kompyuta ilimwambia Mishi dawa gani inakaribia kwisha na ipi inakaribia kuharibika. Mji mzima ulisikia.

"Umeona risiti za Mishi?" wateja walimuuliza Zakiya, na huku wamesimama mbele ya daftari lake.

"Nimeziona," alijibu Zakiya. Moyoni aliungua.

Mama mkwe naye alizidisha. "Mishi wangu ana akili," alisema siku ya Ijumaa mbele ya watu wote. "Tangu mdogo."

Tangu siku hiyo Zakiya alianza kuhesabu watu wanaoingia kwa Mishi. Watano. Wanane. Kumi na wawili. Akikosea kuandika daftarini, alilichukia daftari. Akitoka kwenda sokoni, alizunguka njia ya nyuma ili asipite mbele ya mlango wa wifi yake. Sahani za chakula zilikoma. Mishi alipouliza, Zakiya alisema ana kazi nyingi.

Siku moja alimwambia mumewe, "Nataka mfumo wa kompyuta. Tena uwe mzuri kuliko wa Mishi."

"Si vibaya," alisema Hussni. "Mishi alitumia pesa ngapi? Alichukua muda gani?"

"Sijui."

"Muulize basi. Ni dada yangu, hatakuficha."

"Nikamuulize ili anicheke?" alisema Zakiya. "Simuulizi kitu."

Walikuwa na akiba ya dola elfu mbili na mia tano. Zilikuwa za kununulia dawa za miezi inayokuja. Zakiya akamwita Fuadi, fundi wa mifumo ya kompyuta hapo mjini.

"Mfumo ni dola elfu moja na mia saba," alisema Fuadi. "Kuuweka na kuujaribu ni miezi mitatu."

"Miezi mitatu ni mingi. Nataka wiki tatu."

"Wiki tatu ni chache, dada. Tunahitaji kuhesabu dawa zote, kuwafundisha watu, kujaribu..."

"Nikikulipa zote leo?"

Fuadi alizitazama rafu. "Haye," alisema. "Tutajitahidi."

Zakiya akamtumia pesa zote kwa simu papo hapo. Hawakuandikiana hata mstari mmoja.

Haikupita wiki, Zakiya akasikia kwamba kompyuta ya Mishi inatuma ujumbe kwa wateja. Akampigia Fuadi. "Na yangu itume ujumbe." Hiyo ilikuwa dola mia mbili zaidi. Kisha akataka watu wa visiwani waweze kuagiza dawa kwa simu, na maagizo yaingie yenyewe kwenye kompyuta, jambo ambalo Mishi hakuwa nalo. Dola mia tatu zaidi. Kila alipoongeza jambo, kazi ya mwanzo ilisimama. Akiba ikabaki dola mia tatu. Hussni alipouliza, Zakiya alisema, "Usiwe na wasiwasi. Siku ya kufungua utaona."

Siku hiyo ikafika. Zakiya aliwaalika majirani, akawapa kahawa na halwa. Alimketisha mama mkwe kwenye kiti cha mbele. Risiti ya kwanza ilipotoka, watu walishangilia. Zakiya alitupa jicho ng'ambo ya barabara. Mishi alikuwa amesimama mlangoni pake, anatabasamu. Zakiya hakulipenda tabasamu lile. Alilichukua daftari lake, akalifungia kabatini.

Iman alimvuta pembeni. "Dada, mimi nimefundishwa saa moja tu. Bado sijaelewa."

"Utaelewa mbele ya safari," alisema Zakiya.

Baada ya wiki mbili alikuja Bi Mwanatumu, mama mzee wa Chovai mwenye maradhi ya presha. Alikuwa amepiga simu siku moja kabla kuulizia dawa. Iman alitazama kompyuta, akamwambia dawa yake ipo, maboksi arobaini. Sasa Iman alikwenda kwenye rafu. Halikuwepo boksi hata moja.

"Kompyuta inasema arobaini!" alisema Zakiya.

"Inasema hivyo, dada, lakini rafu ni tupu."

Ndipo walipogundua kosa. Boksi moja lilikuwa na karatasi kumi za vidonge. Wakati wa haraka haraka ile, dawa nyingine ziliingizwa kwa maboksi, nyingine kwa karatasi. Arobaini ile ilikuwa karatasi arobaini, yaani maboksi manne tu, na yote yalikuwa yameuzwa bila kuandikwa sawasawa. Kabla hawajatafuta zaidi, umeme ukakatika. Kompyuta ikazima. Uliporudi, kompyuta ilikataa kuwaka.

Zakiya alimpigia Fuadi. "Una nakala ya hesabu mahali pengine?" aliuliza Fuadi.

"Nakala gani? Hukuniambia!"

"Tulikuwa tufanye mwezi wa pili wa kazi, dada. Wewe ulitaka wiki tatu."

Bi Mwanatumu aliketi, ameushika mkoba wake. "Mwanangu, mimi ni mchu mzima," alisema kwa lafudhi ya visiwani. "Vidonge vilikwisha jana. Kichwa kinanigonga. Na boti inaondoka saa tisa."

Zakiya alitazama barabara. Alijua dawa iko wapi.  Alijiona akiingia kwa Mishi mikono mitupu, na wateja wote wakimtazama. Kisha akamtazama mama mzee aliyekuwa akijipepea kwa ukingo wa buibui. Akaichukua karatasi yake ya daktari, akavuka barabara.

"Wifi," alisema mlangoni. "Nina mgonjwa wa presha. Dawa yake sina."

Mishi aliipokea karatasi ya daktari. Aliisoma, akatoa maboksi mawili, akavuka naye kwenda kumpa Bi Mwanatumu mwenyewe. Mama mzee alimeza kidonge chake hapo hapo, akapumzika kidogo, akaiwahi boti.

Walipobaki wawili, Zakiya alisema, "Haya, cheka sasa."

"Nicheke nini?" alisema Mishi. "Yamenikuta mimi kabla yako."

"Wewe? Mfumo wako haujakwama hata siku moja."

"Huo ni wa pili. Wa kwanza nililipa dola mia tisa zote kwa mkupuo mmoja. Fundi akahama mji. Sikumwambia mtu. Wewe ndiye niliyekuficha zaidi, kwa sababu wateja wa visiwani wote walikuwa wako, na mimi nilikuwa nikiwatazama wakipita mlangoni pangu."

Zakiya aliketi kwenye kiti alichokiacha Bi Mwanatumu. Kisha alisema, "Mimi nilikuonea wivu, Mishi. Nimetumia akiba yote kwa wivu."

"Yote kabisa? Zimebaki ngapi?"

"Mia tatu."

"Basi usizitumie zote. Tenga mia moja, usizipangie kazi yoyote."

"Za nini sasa, kama hazina kazi?"

"Za jambo usilolijua. Katika kazi hii lazima kitu kitaharibika. Hujui ni kipi, lakini pesa zake ziwepo ndani ya bajeti tangu mwanzo."

Mishi akaleta kijitabu cha shule. Kurasa za kwanza zilikuwa na maandishi yake. Upande mmoja ameandika kinachoweza kuharibika. Upande wa pili ameandika watafanya nini, na nani atafanya.

"Soma," alisema.

Zakiya alisoma. *Umeme ukikatika: betri ya akiba, Mishi ainunue. Kompyuta ikifa: nakala kila jioni, iwekwe nyumbani. Fundi akisafiri: fundi wa pili ajulikane mapema.*

"Uliyajua haya yote?"

"Niliketi na wafanyakazi wangu, nikawauliza wanaogopa nini. Wao ndio wanaoshika mashine. Wewe ulimuuliza Iman?"

Zakiya alikumbuka Iman alivyomvuta pembeni. Aliona haya.

"Na daftari umeliweka wapi?" aliuliza Mishi.

"Kabatini."

"Lirudishe leo. Daftari na kompyuta viende pamoja mwezi mzima. Jioni uvilinganishe. Vikitofautiana, kosa utaliona siku ile ile, si baada ya wiki mbili. Tena anza na rafu moja. Ikienda sawa, ndipo uhamie ya pili."

"Na yale mambo niliyoongeza? Ujumbe, kuagiza kwa simu?"

"Yaandike kwenye ukurasa wa peke yake. Yangoje zamu yao."

Kesho yake Zakiya, Hussni, Iman na Fuadi waliketi pamoja. Fuadi, aliyekuwa ameifufua kompyuta asubuhi ile, alikiri kwamba naye alikosea kukubali haraka. Waliandika kazi gani imekwisha kulipwa na bado haijafanywa, na kila sehemu itakwisha lini. Kazi yoyote mpya italipwa kidogo kidogo, kila sehemu baada ya kuonekana inafanya kazi. Jambo jipya likitakiwa, kwanza watauliza litagharimu ngapi na litachelewesha nini. Wote wakatia sahihi.

Safari hii walianza na rafu ya presha na sukari peke yake. Iman alifundishwa wiki nzima, saa moja kila siku. Siku ya tatu daftari lilisema maboksi tisa, kompyuta ikasema tisini. Iman mwenyewe aliliona kosa, akalirekebisha kabla ya kufunga duka. Betri ya akiba waliinunua kwa dola mia mbili zilizobaki. Mwezi uliofuata Fuadi alisafiri kwenda kwa wateja wake Mombasa, na kijimashine cha kusoma maboksi kikaharibika. Lakini jina la fundi wa pili, Sadiq, lilikuwa limeshaandikwa. Alikuja, akakibadilisha, na malipo yakatoka kwenye mia moja iliyotengwa. Duka halikufungwa hata saa moja.

Wivu haukuisha kwa siku moja. Mara nyingine Zakiya alijikuta akihesabu watu ng'ambo ya barabara. Akijishtukia, alirudi kulinganisha daftari lake.

Baada ya miezi minne rafu zote zilikuwa ndani ya mfumo. Walipohesabu dawa zote, kompyuta na rafu vilitofautiana maboksi mawili tu. Ndipo ikafika zamu ya kuagiza kwa simu. Asubuhi ya kwanza watu wa Ngumi waliagiza, na watu wa Kudha, na Bi Mwanatumu kutoka Chovai. Iman alifunga dawa zao mapema, na boti zikazichukua.

Mishi alikuwa amekuja kuazima sukari ya chai. Alisimama nyuma ya Zakiya, akatazama maagizo yakiingia moja baada ya jingine.

"Yangu haifanyi hivi," alisema polepole. Mdomo wake ulikuwa umekaza, na macho hayakutoka kwenye kioo.

Zakiya aliijua sura ile. Aliivaa yeye mwenyewe miezi mingi. Kwa kitambo kidogo aliifurahia, na hakuinyima nafsi yake furaha hiyo. Kisha akasogeza kiti kando ya chake.

"Kaa, wifi," alisema. "Kwanza nikwambie ilinigharimu ngapi."